Anayesikia Ndiye Anayepisha

1

Fundi Lusungu Tweve hakuwa mtu wa kunong'ona. Akifurahi alisikika hadi ng'ambo ya bonde, na akikasirika hata kuku walitafuta pa kujificha. Ndiyo maana watu wa Kituo cha Lisitu walicheka sana waliposikia kwamba ni yeye, kati ya mafundi wote wa uwanda wa Kitulo, aliyetengeneza pikipiki ya theluji isiyo na sauti.

Asubuhi ya majaribio alisimama mlangoni mwa gereji yake, mikono mifukoni mwa ovaroli, akimtazama Mhandisi Alfani Mwagala akichomeka kijiti cha kipima sauti kwenye theluji. Mwagala alikuwa mkaguzi wa Mamlaka ya Theluji. Alizaliwa Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, na ilionekana wazi: aliikanyaga theluji kama mtu aliyeingia na viatu sebuleni kwa watu.

"Washa ya zamani kwanza," alisema.

Aliyewasha ni Osmundi Chaula, aliyekuwa dereva kwa miaka ishirini, mume wa mdogo wake Lusungu. Pikipiki yake ilikuwa kama zote arobaini zilizopanda na kushuka uwandani: mbao mbili za kuteleza mbele, mkanda mpana nyuma, injini ya spiriti ya viazi. Ekzosi ilitoka ubavuni, karibu na goti la kulia la dereva, fupi na nene. Kwa kuwa bomba liliishia pale gotini, nyuma yote chini ya siti ilibaki huru, na sanduku la mizigo lilimeza gunia la viazi na nusu bila kulalamika. Juu ya ekzosi palifungwa kiwavu cha waya, na ndani yake Osmundi alikuwa ameweka viazi viwili, kama madereva wote walivyofanya tangu zamani. Vikiiva, umefika, kimoja unakula, kingine unampa anayekupokea.

Injini ilinguruma. Mshale wa kipimo ukaruka hadi kwenye rangi nyekundu, na pembeni mwa kijiti theluji ikaanza kutoa maji, tone baada ya tone.

"Zima!" Mwagala alipiga kelele. "Zima, jamani, unaiamsha!"

Osmundi akazima. Tone la mwisho likaning'inia, kisha likaanguka. Hakuna aliyecheka, maana kila mtu pale alijua tone lile lilikuwa la nani.

Theluji ya Kitulo haikuletwa na mawingu. Ilipandwa, miaka thelathini nyuma, Mto Ruaha ulipobaki mchanga na viboko wakawa wa kuonyeshwa kwenye picha. Wataalamu walitengeneza chembe ndogo kuliko ulezi, wakazirusha angani juu ya uwanda, na kila chembe ikavuta baridi na kushikana na mwenzake. Jua haliziyeyushi. Zinaachiana zikisikia kitu kimoja tu: mvumo mzito wa baragumu la chuma lililosimikwa juu ya Mlima Mtorwi. Baragumu hupigwa mwezi wa tisa, wakati ardhi ya bondeni imepasuka kwa kiu, na maji hushuka kwa mpango, kijito kwa kijito, hadi Usangu. Wataalamu wale walifikiria kila kitu isipokuwa pikipiki. Mlio wa ekzosi fupi ulikuwa jirani mno na mvumo wa baragumu, na mwaka uliotangulia theluji ya kandokando ya njia iliondoka mwezi wa tano, wakati hakuna aliyeihitaji. Mwezi wa tisa baragumu lilipopigwa, nusu ya maji hayakuwepo.

"Sasa yangu," alisema Lusungu.

Osmundi alihamia kwenye pikipiki ya pili, akabonyeza kitufe, akakaa. Mwagala alisubiri. Aliutazama mshale; ulikuwa umelala. Akamtazama fundi.

"Si uwashe basi?"

"Weka mkono hapo, Mhandisi."

Mwagala akaweka kiganja juu ya boneti, na nyusi zake zikapanda. Injini ilikuwa imeshawaka zamani.

Lusungu hapo ndipo alipokuwa anapangoja. Alipiga magoti, akaonyesha kila kitu kwa spana. Ekzosi aliitoa gotini, akaipitisha chini ya injini hadi nyuma, akaikunja mara tatu chini ya siti ndani ya sailensa yenye vyumba vitatu. Kila chumba alikijaza mawe mepesi ya Rungwe, yale yenye vitundu. "Sauti inaingia chumba cha kwanza simba," alisema, "inatoka cha tatu paka. Na paka mwenyewe kashiba."

"Na mizigo?" Mwagala aliinua siti. Sanduku lilikuwa limebaki nusu, na ubao uliopakana na sailensa ulikuwa na joto la uji.

"Nusu ya sanduku, maji yote," alijibu Lusungu. "Wewe chagua."

Mwagala alifunga siti polepole. "Mwaka jana baba yangu alipanda ekari nne za mpunga akavuna vumbi," alisema. "Nilishachagua zamani, Fundi. Pikipiki za zamani zinapigwa marufuku tarehe mosi, siku nane kutoka leo. Hii iende na mzigo hadi kijiji cha Igumba na kurudi, kesho asubuhi nisaini fomu. Fomu yenyewe fupi. Sauti, mzigo, na swali la mwisho: je, kuna mtu aliyeumia katika jaribio? Likijibiwa ndiyo, jaribio linasimama. Lakini nani ataumizwa na kitu laini namna hii?"

"Shem," alisema Osmundi akivaa miwani yake, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Usije ukavimba kichwa ukashindwa kuingia gereji."

"Wewe nenda, na urudi na sanduku langu zima," Lusungu alimjibu, na kwa kweli kichwa kilikuwa kimevimba, na alikifurahia.

2

Juu ya uwanda njia ni moja. Mikanda ya pikipiki imeichimba miaka yote hiyo hadi ikawa mtaro wenye kuta za theluji zinazomfika mtu kifuani. Nje ya mtaro theluji ni laini, unazama hadi kiunoni. Kwa hiyo pikipiki hupita mtaroni, na watu wa miguu hupita humohumo. Kila baada ya hatua ishirini watu wamechonga ukutani kishimo cha kusimama mtu mmoja, wanakiita kipisho. Ukisikia pikipiki, unaingia kwenye kipisho, inapita, unatoka. Kanuni yake hata anayejifunza kutembea anaijua: anayesikia ndiye anayepisha. Dereva hapunguzi mwendo, na mwenda kwa miguu hageuki nyuma. Masikio yanatosha.

Saa tisa mchana ukungu ulishuka. Saa kumi Lusungu alikuwa mlangoni mwa gereji na kikombe cha chai, akiangalia mdomo wa mtaro, ndipo pikipiki yake ilipochomoza kimya kutoka kwenye weupe. Osmundi alikuwa anaisukuma akitembea, taratibu, kama aliyebeba mayai. Juu ya siti, amefungwa kwa mpira wa mizigo asianguke, alikaa Mwalimu Tulalumba Sanga.

Kikombe kilianguka. Mwalimu Tulalumba alikuwa na miaka sabini na minne. Alifundisha hesabu Lisitu hadi alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa kituo, Lusungu akiwemo, walizijua fimbo zake kwa majina.

"Kamwene, Lusungu," alisema mwalimu, uso umekuwa wa majivu. "Siti yako ina moto mzuri. Ila mguu wangu umeelekea upande usio wake."

"Sikumwona, shem," alisema Osmundi. "Alikuwa katikati ya mtaro, na kikapu chake kichwani. Nilijua atapisha. Kila mtu hupisha. Na yeye hakunisikia. Nimepita njia ile miaka ishirini, Mungu wangu, sijawahi kupunguza mwendo, na hakuna aliyewahi kuniambia nipunguze."

Walimbeba hadi zahanati, nyumba ya pili kutoka gereji. Nesi Edina alikata soksi, akaushika mguu, akasema mfupa umevunjika chini ya goti, mahali pamoja, na kwamba mwalimu ana bahati. Mwalimu akasema bahati ya namna hiyo wampe mtu mwingine. Mguu uliponyooshwa hakulia. Alitaja jedwali la kumi na saba kwa sauti, hadi mwisho.

Baada ya plasta kukauka alimwita Lusungu karibu.

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Nyumba ya wageni. Anapumzika."

"Basi hajaona. Andika nimeteleza."

"Mwalimu..."

"Nisikilize. Binti yangu wa tatu ameolewa Usangu. Mwaka jana watoto wake walikuja kwangu wamebaki macho tu. Maji ya kule ni ya watu laki ngapi? Mguu wangu ni mmoja, tena ni wa zamani. Nimeteleza. Mtu mzima kuteleza kwenye theluji si ajabu."

Osmundi aliinamisha kichwa asionekane uso. Nesi Edina alijifanya anahesabu bandeji. Na Lusungu hakumkatalia, kwa sababu alitaka kukubali. Alitaka sana. Aliiona fomu imesainiwa, aliziona pikipiki arobaini zimepangwa mbele ya gereji zikisubiri mkono wake, aliyaona maji mwezi wa tisa yakishuka yote, kamili, na watu wa bondeni wakisema Tweve, yule mama wa Lisitu. Tena aliyeumia mwenyewe ndiye anayemsihi. Angekuwa amemdhulumu nani?

Alitoka nje akasimama barazani. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, na mahali fulani humo ndani mtu alikuwa anatembea mtaroni akitegemea masikio yake. Labda ni mkewe Osmundi, mdogo wake yeye, aliyetoka Igumba kila Jumatano. Kesho pikipiki zingekuwa mbili za kimya, mwisho wa mwezi arobaini. Hapo ndipo aibu ilipomshika vizuri. Hakuwa ametengeneza pikipiki mbaya. Alikuwa ametengeneza pikipiki nzuri akaitia kwenye njia ambayo watu wake wote walikuwa wamekubaliana kuamini kelele, na katika michoro yake yote, kurasa mia moja na arobaini, hakuchora hata mtu mmoja anayetembea.

Akarudi ndani.

"Mwalimu, darasa la tatu ulinipa sifuri kwa jibu lililokuwa sahihi."

"Nilikupa nyingi. Ipi?"

"Uliniambia jibu bila njia ni sifuri. Nionyeshe njia. Sasa leo mimi nipeleke jibu bondeni, njia nimeificha chini ya shuka lako?"

Mwalimu Tulalumba akageuza uso ukutani. "Una kiburi kilekile," alisema. Lakini hakusema tena ameteleza.

3

Mwagala aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, fomu mkononi. Alipomaliza kuisikia alikaa kitandani.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Mficha maradhi kilio kitamfichua, Mhandisi. Wa pili angekufa."

"Unajua umefanya nini? Tarehe mosi za zamani haziwashwi, na hii yako siwezi kuisaini. Njia inafungwa. Igumba wana watu mia sita. Watabeba chumvi mgongoni." Alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kumweleza baba yake kwa nini mto haujafika. "Una siku nane, Fundi. Niletee kitu ambacho theluji haikisikii na mtu anakisikia."

"Siku tano zinanitosha," alisema Lusungu, na wala hakuwa anajigamba. Njiani kutoka zahanati alikuwa ameshakiona kichwani.

Theluji husikia sauti nzito peke yake. Kwa hiyo alichukua moshi kidogo tu kutoka kwenye ekzosi kuu, akautoa kwa kibomba chembamba kilichopita katikati ya magoti ya dereva hadi kwenye pua ya pikipiki, na pale puani akachomelea filimbi ya shaba yenye mdomo mwembamba kama kucha. Vyumba vitatu vilibaki chini ya siti kuuzuia mngurumo. Filimbi puani ilitoa mlio mwembamba unaochoma. Siku ya nne aliijaribu mbele ya zahanati. Mbwa wa kituo walilia, watu wakaziba masikio, na mshale wa Mwagala haukutikisika hata kidogo. Osmundi alishuka akiwa ameshika kichwa.

"Shem, mimi ndiye nitakayekaa na kitu hiki siku nzima? Ukiniita mwakani uje na ubao wa kuandikia."

"Tutakupa pamba."

"Na moshi wa usoni?"

"Tutakupa kikohozi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano walicheka wote wawili. Mwagala naye alikuwa ameshatoa kalamu.

Lusungu alikimbilia ndani kumpa mwalimu habari. Mwalimu Tulalumba alikuwa ameketi dirishani, mguu juu ya kiti, shuka mabegani. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anatazama upande wa njia kwa subira.

"Mbona haji?" aliuliza.

"Nani, mwalimu?"

"Osmundi na filimbi yake. Edina kaniambia nikae hapa nisikilize. Nimekaa."

Osmundi alikuwa ameshapita upande wa pili wa nyumba mara mbili, filimbi ikilia.

Lusungu alitoka, akamwambia Osmundi apite tena, safari hii chini ya dirisha lile. Akapita. Mwanamke aliyekuwa anachota maji aliruka kando kwa mlio ule. Mwalimu aliendelea kutazama njia, kisha akaiona pikipiki, akaipungia mkono kwa furaha, akiamini ndiyo kwanza inafika.

Ni jambo linalojulikana, na fundi alijilaumu kwa kutolikumbuka. Sikio la binadamu likizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba. Nzito hubaki hadi mwisho. Mwalimu Tulalumba aliisikia vizuri pikipiki ya zamani, radi, na ngoma ya kanisani. Filimbi hakuwa nayo tena. Lusungu alikaa juu ya ngazi ya zahanati na kuitafuta kwenye daftari lake sauti nzito kiasi cha kusikiwa na mzee, nyembamba kiasi cha kutosikiwa na theluji. Aliitafuta hadi penseli ikaisha ncha. Haikuwepo. Theluji na wazee walikuwa na sikio moja.

"Basi tena," alisema Mwagala aliyekuwa amesimama nyuma yake. Aliirudisha kalamu mfukoni.

Lusungu alikuwa anatazama michoro mitatu iliyo juu ya goti lake. Ekzosi gotini: sanduku zima, kelele, na mzigo wa kelele ile akabebeshwa mkulima wa Usangu. Ekzosi chini ya siti: kimya, nusu ya sanduku, na kimya kile akabebeshwa mwenda kwa miguu. Ekzosi puani: akabebeshwa dereva masikio yake, na bado mzee kaachwa njiani. Moshi lazima utokee mahali. Mara zote tatu alikuwa akiuliza utokee wapi, wala hakuuliza nani mwenye nguvu za kuubeba. Na katika mtaro ule mwenye injini, mwenye taa, mwenye breki, alikuwa mmoja tu, naye kwa miaka yote ndiye aliyekuwa hana wajibu wowote.

Akainuka kwa nguvu hadi Mwagala akarudi nyuma hatua moja.

"Mhandisi, tatizo halikuwa ekzosi," alisema, na sauti yake ilisikika kituo kizima. "Ekzosi iko mahali pake. Kilichokaa pabaya ni kanuni."

4

Siku ya saba madereva wote arobaini walijaa mbele ya gereji. Lusungu aliing'oa filimbi mbele yao akaitupa kwenye debe la vyuma. Kisha akawaambia: kuanzia leo anayeona ndiye anayepisha. Dereva ataendesha mwendo ambao akimwona mtu, hata kwenye ukungu, asimame kabla ya kumfikia. Akisimama atasubiri mtu afike kwenye kipisho, hata kama mtu huyo ni mzee, hata kama amebeba kuni, hata kama ameamua kusimama kufunga viatu.

Kelele ikalipuka.

"Nusu ya sanduku na nusu ya mwendo!" alisema mmoja wao. "Igumba tutafika lini?"

"Mtafika," alisema Lusungu. "Mtafika mara mbili badala ya moja, na mtafika mkiwa hamjaua mtu."

"Sisi tuna haraka, mama. Anayetembea hana haraka."

"Anayetembea ana mifupa. Wewe una pikipiki."

Nesi Edina alisukuma watu akafika mbele, akafungua siti ya pikipiki ya kimya, akaweka ndani ya ile nusu yenye joto boksi la chupa za dawa. "Miaka sita," alisema, "nimepanda Igumba na dawa za watoto nimezibana kwapani zisigande. Fundi kanionyesha sehemu ya joto inayolingana na kwapa langu. Mimi nusu hiyo siirudishi." Baadhi ya madereva walicheka, na mmoja akauliza kama mayai nayo yataweza kukaa humo. Mbegu za viazi, alisema Lusungu, ziende kwenye kona ya baridi, mayai humo.

Mwagala alinyanyua fomu.

"Fundi, sauti naweza kuipima. Ubao wa sanduku naweza kuupima. Hii kanuni yako naipima kwa nini? Maneno ni maneno. Mtaapa leo, kesho kuna ukungu na mtu ana haraka."

"Utaipima kwa mgongo wangu," alisema Lusungu.

Alikuwa ameshaamua tangu jana. Mkutano ulipokwisha, Osmundi alipanda Igumba na pikipiki ya kimya kuchukua mzigo. Hakuna aliyemwambia fundi atakuwa wapi, aliambiwa tu aendeshe kwa kanuni mpya. Lusungu na Mwagala wakaingia mtaroni kwa miguu, nusu saa, hadi mahali njia inapopinda. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kipisho kilichofuata hakikuonekana. Mwagala akasimama kwenye kipisho na kipimo chake. Lusungu akageuka kuelekea kituoni, akatoa mfukoni sufu ya kondoo, akajaza masikio yote mawili.

"Fundi," Mwagala alisema, na ilibidi amshike bega ili amtazame mdomo. "Yeye ni mtu mmoja. Ana miaka ishirini ya mazoea mabaya."

"Ndiyo maana nimemchagua yeye," alijibu kwa sauti kubwa isiyohitajika, na akaanza kutembea.

Alitembea katikati. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa asiokuwa nao. Mgongo wake wote uligeuka kuwa sikio. Alisikia damu yake tu. Aliwaza mguu wa mwalimu, ulivyoelekea upande usio wake. Mara mbili shingo ilitaka kugeuka, na mara mbili aliikataza. Alijua breki zile, alizikaza mwenyewe, alijua kwa mwendo wa mtu anayekimbia zinasimama kwa hatua sita. Asichokijua ni kama mtu aliyepishwa miaka ishirini anaweza kujifunza kupisha kwa siku moja. Alihesabu vipisho. Kimoja kikapita kushoto. Cha pili kulia. Hakuingia.

Kabla ya cha tatu kitu cha moto kilimgusa shingoni.

Alishtuka, akageuka. Osmundi alikuwa amesimama nyuma yake kwa miguu, miwani kapandisha kipajini, mkononi ana kiazi kilichochomwa, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mbali nyuma yake, hatua tisa au kumi, taa ya pikipiki ilionekana kwenye ukungu kama yai. Injini ilikuwa inafanya kazi. Lusungu akatoa sufu masikioni, akasikiliza. Hakusikia kitu.

"Nimekiweka kwenye sanduku, upande wa moto," alisema Osmundi. Macho yalikuwa yamemjaa maji na hakujaribu kuyaficha. "Kimechelewa kuiva, shem, na mimi nimechelewa kufika. Lakini nilikuona tangu kule."

"Nimeona kwamba umeniona."

"Sasa nipishe basi, watu wanasubiri mzigo."

Lusungu akakivunja kiazi katikati, akampa nusu. Mvuke ulipanda kati yao. Mwagala, aliyekuwa ameifuata pikipiki kwa miguu, alikuwa ameinama mbele ya taa yake juu ya fomu, kalamu mkononi.

"Sipishi," alisema Lusungu.

Akageuka, akatafuna, akaendelea kutembea katikati ya mtaro kwa mwendo wa mwalimu wa miaka sabini na minne, na pikipiki ikamfuata nyuma, polepole, hadi kituoni.